Kona ya Nguo ya Basilia

Mwatima hakutoka nje bila mkasi. Hata akienda kununua mchicha, umo mkobani. Mwaka wa tisini na nane tulikaa chumba kimoja Guangzhou, Uchina, yeye mtu wa kanga kutoka Unguja, mimi Mpare wa vitenge, na nilikuwa nikimtania kwamba Israili akija kumchukua atamkatia kipande cha joho kwanza. Lakini soko la Zhongda ndivyo linavyotaka: unakata sampuli ya kitambaa unachokitafuta, unazunguka nayo duka kwa duka mpaka umpate mwenye nacho. Na kwao Mwatima nguo huanza maisha kwa mkasi. Kanga huja doti, vipande viwili vimeungana. Isipokatwa na kupindwa haivaliki. Kanga hizo ndizo zilizomlelea wanawe tangu mumewe alipomwacha.

Ghorofa ya juu yetu alifikia Basilia, mama wa Kiaymara kutoka Bolivia, huko Amerika Kusini, mwenye kofia ya duara na sketi nyingi zimepandana. Mgongoni hakuachana na nguo ya sufu ya mistari, aliyoifuma mama wa bibi yake. Alitaka kiwanda kimtengenezee vitambaa vya rangi zile akauze kwao, na Mwatima alijuana na laobani mmoja, yaani bosi wa kiwanda. Basi Basilia akamwachia Mwatima ile nguo.

"Onyesha tu," alisema kwa Kiingereza kile cha sokoni tunachokiunga sote. "Binti yangu anakaribia kujifungua. Hii ndiyo ya kumbebea mtoto."

Kesho yake Mwatima akairudisha. Kona moja haipo, na palipokatwa amepapinda kwa mkono, mishono midogo kama punje za uwele. Alikuwa anangoja ashukuriwe.

Basilia aliikunjua, akakaa sakafuni. Akatueleza kwamba kwao nguo hufumwa nzima na pindo zake zote, na ina uhai kama mtu. Haikatwi.

"Tulikuwa na ardhi yetu na wakubwa wetu," alisema. "Wahispania wakaichukua, wakawapeleka wanaume wetu kwa zamu kuchimba mlima wa fedha. Wengi hawakurudi. Fedha ikapakiwa merikebuni, nyingine ikaja mpaka huku Uchina kununua hariri. Mwaka 1825 tukaambiwa tuko huru. Na wetu walikufa wakiupigania huo uhuru, lakini waliokalia viti ni watoto wa Wahispania. Sisi tukaendelea kutozwa kodi kwa kuwa wenyeji tu. Bibi yangu alimtumikia mwenye shamba bila ujira. Hata huko, nguo hii hakuna aliyeigusa."

Mwatima alishikwa na aibu hata nikamwonea huruma, ingawa hasira nilikuwa nayo. Mazoea yana taabu, na mkasi ule nilikuwa nimeusema sana. Alivaa buibui, tukatoka mbio kwenda kiwandani. Kona aliyomwachia laobani ikipatikana, angalau itashonewa mahali pake.

Laobani alitusogezea kisahani cha majivu. "Meiyou," akasema. Hakuna. Wao sufu huijua kwa kuichoma na kuinusa, na yeye, kwa kutoamini macho yake, alikuwa ameichoma yote.

Njia nzima Mwatima alilia. Tulipofika hakukaa.

"Dada, wameichoma."

Basilia akauliza, "Ilinuka nini?"

"Nywele."

Akatikisa kichwa kuitikia, akaikunja ile nguo polepole, upande uliopindwa ukawa ndani.

"Sasa mtoto atabebwa na nini?" Mwatima akauliza.

"Hiihii. Hatuna nyingine." Akaitupia mgongoni, akakaza fundo kifuani. "Akikua akauliza kona iko wapi, nitamwambia imekwenda ilikokwenda fedha ya mlima wetu."