Pingili Nne za Saa ya Mama

Ukitaka kunikasirisha mpaka leo, gonga chuma kwa chuma. Nikisikia mlio huo narudi moja kwa moja Kibomet, kwenye ua wa ghala la mahindi ya mbegu, ambako ringi ya gurudumu la trekta ilining'inia kwenye mkaratusi. Ringi hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya watu wote. Ikigongwa asubuhi, akina mama waliingia kuchambua mahindi; ikigongwa jioni, walitoka. Kazi ilipaswa kuisha saa kumi. Lakini nyundo ilikuwa ya nyapara, na saa pekee iliyokuwa pale ilikuwa mkononi mwa nyapara, kwa hiyo saa kumi ilifika alipotaka yeye ifike. Akina mama wakimwuliza, aliutazama mkono wake, akavuta shati kuifunika saa, akasema, "Bado kidogo." Wakambandika jina hilo hilo, Bado Kidogo. Jina lake halisi sikuwahi kulijua, wala silihitaji.

Nilikuwa na miaka kumi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Desemba, na kazi yangu ilikuwa Wafula, mdogo wangu wa miezi mitano. Mchana nilimpa uji, akaupokea shingo upande. Kivuli cha tangi la maji kilipokaribia lango la ghala nilijua saa kumi ndiyo hiyo, nami nilikuwa nimesimama kwenye seng'enge, mtoto mgongoni, leso imelowa. Wafula alikuwa na koo, jamani! Alilia mpaka mabati ya ghala yakaitikia. Kupitia mlango ulio wazi nilimwona Mama ameinamia mahindi, maziwa yamelowesha blauzi yake, na Bado Kidogo akipita nyuma yake huku anapiga mluzi. Kivuli kilifika langoni, kikapita, kikapanda ukuta. Siku nyingine tulisubiri mpaka mtoto akachoka kulia, akalala na njaa yake. Hapo ndipo nilipojifunza kumchukia mtu, na sioni haya kusema hivyo.

Saa ya Mama ilitoka Lugulu. Baba yake alikuwa mpishi wa misheni, na alipostaafu aliivua saa yake ya kutia ufunguo, yenye mkanda wa chuma, akampa Mama, kifungua mimba wake, ingawa wajomba zangu walikuwa wameimezea mate miaka mingi. Sasa Babu alikuwa na mkono mnene kama mchi, na Mama alikuwa mwembamba. Akiuinua mkono, saa ilikimbilia kiwiko. Akiushusha, ilianguka kiganjani. Hakujali. Aliivaa kwenda kazini hivyo hivyo, na siku ya kwanza alipoulizwa na wenzake saa ngapi, aliwaambia kwa sauti ya kusikika. Bado Kidogo akaja juu. Mama alitusimulia jioni, akimwiga mpaka namna anavyopandisha suruali na anavyomwita kwa jina langu.

"Mama Nafula, hiyo ni saa ama ni bangili? Kitu inaning'inia hivyo haiingii hapa. Mashine ikushike mkono, halafu mimi ndio niulizwe?"

"Na ikikaa sawa?"

"Ikikubana vizuri, vaa hata mbili, bana!"

Mashine ya kupukuchua ilikuwepo kweli, ila ilikuwa upande wa pili wa ghala, na Mama hakuwahi hata kuikaribia. Alijua ni kisingizio. Lakini alikishika kile kisingizio kwa mikono miwili. Jumamosi aliipeleka saa kwa fundi mjini Kitale, apunguze mkanda. Fundi aliigeuza mara mbili, akasema iachwe wiki nzima, kisha akamshauri Mama amuuzie tu, kwa sababu mwanamke ataifanyia nini saa kubwa namna hiyo. Mama akainyakua mezani. Tulitembea mpaka nyumbani kwa hatua za haraka, nami nikamfuata nyuma, maana nilijua mtu amechokozwa.

Jumapili tulipotoka kanisani alibadilisha nguo, akabandika maharagwe, akatandika gunia uani. Alikuwa ameomba spoki ya baiskeli kwa jirani. Aliikata kipande cha urefu wa kidole, akaisugua ncha kwenye jiwe la kunolea, akaisugua, akaisugua, mpaka ikawa nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Nyundo ilikuwa bolti nene. Kilichobaki kilikuwa kitu cha kulazia mkanda. Ukiulaza juu ya jiwe, pini inayounganisha pingili haina pa kutokea. Ukiulaza juu ya udongo, unazama. Mama alijaribu vyote viwili, akasonya, kisha akaingia jikoni akatoka na gunzi la mahindi. Gunzi hushika chuma kisisogee, na katikati lina moyo laini ambao pini huingia yenyewe. Mtu aliyeshinda mwezi mzima akishika mahindi ndiye tu angelifikiria hilo.

Pini ya kwanza ilitushinda. Mama aligonga mpaka jasho likamtoka, nayo ikakaa pale pale. Nikauchukua mkanda, nikaugeuza juani, nikaona mishale midogo imechorwa upande wa ndani, yote ikielekea upande mmoja. "Mama, si tunagonga kinyume!" Aliangalia, akanigonga bega, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Tulipofuata mshale, pini ilizama ndani ya gunzi kwa mapigo matatu. Tukatoa pingili nne, nikaziweka kwenye kopo tupu la hamira. Mama akavaa. Lo! Kifungo kilikuwa kimehamia ubavuni mwa mkono na kumfinya mfupa, kwa sababu pingili zote nne tulizitoa upande mmoja. Ikabidi turudishe mbili na kutoa nyingine mbili upande wa pili, na kila pini kurudi ilikotoka, kinyume cha mshale. Wafula aliamka, akanyonya, akalala tena, na sisi bado tuko kwenye gunzi. Maharagwe yaliungua. Tuliyala hivyo hivyo.

Kosa letu kubwa lakini tuliligundua Jumatatu. Tulikuwa tumempima Mama Jumapili, mikono imepumzika. Kuchambua mahindi kutwa huvimbisha mikono. Aliniambia baadaye kwamba kufikia saa nane mkanda ulikuwa unamuuma kama meno, na Bado Kidogo alipita mara mbili kumtazama usoni. Hakuifungua. Kivuli cha tangi kilipofika langoni nilikuwa kwenye seng'enge, na Wafula ameanza wimbo wake. Nikamwona Mama anasimama. Alijikung'uta makapi, akatoka ghalani kama mtu anayekwenda kuteka maji, akaiokota nyundo chini ya mkaratusi, akaigonga ringi. Aligonga mara nyingi kuliko kawaida. Bado Kidogo akatoka mbio.

"Nani amekutuma?"

"Ni saa kumi na dakika tatu," Mama akasema, akamnyooshea mkono. "Ulisema ikikaa sawa nivae. Si uione? Imekaa."

Bado Kidogo alimshika mkono, akautikisa mbele ya watu wote. Saa haikusogea hata kidogo.

"Kesho usikuje," akasema.

"Kesho ni kesho. Saa hii naenda kunyonyesha."

Akatoka langoni, akampokea Wafula, akakaa pale pale chini ya seng'enge. Nyuma yake wanawake walitoka mmoja mmoja, kisha wote, wakatupita. Alipoifungua saa, ngozi ilikuwa imekatika kuzunguka mkono mzima. Nilitaka kulia, akanikataza.

Jioni hiyo alimwita Mama Njoki, jirani yetu. Watu wake walitoka sehemu za kati zamani na kulima Trans-Nzoia, naye alichambua mahindi benchi moja na Mama. Mama Njoki alicheka alipoiona saa. "Mimi na hii mkono yangu? Hapana, itapasuka." Mama akanigeukia. Aliniambia nilete kopo la hamira. Tukarudisha pingili zote nne, na saa ikamkaa Mama Njoki kama iliyotengenezwa kwa ajili yake. Jumanne, sisi tukiwa nje ya seng'enge, ringi ililia saa kumi kamili. Naye akaambiwa asirudi. Jumanne jioni tulitoa pingili tatu kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa akitembea kutoka Saboti, na safari hii tulimpima mikono ikiwa bado imevimba. Jumatano ringi ililia. Alhamisi Bado Kidogo aliwahi kuigonga mwenyewe, saa kumi, kabla hajanyang'anywa nyundo. Mbegu zilikuwa zinasubiriwa na malori, na mikono ya kuzichambua ilikuwa inapungua kila siku kwa uamuzi wake. Jumatatu iliyofuata Mama na wenzake wawili waliitwa warudi kazini. Hakuna aliyewaomba msamaha.

Huwa naambiwa mambo yamebadilika. Yamebadilika wapi? Nafanya kazi Bungoma, kwenye jumba la kufungashia mboga. Asubuhi tunaweka simu zetu kwenye sanduku langoni, ati zinatuchelewesha, na ukutani hakuna saa. Msimamizi wetu ni kijana mpole mwenye shahada, hagongi ringi, anatuita "dada zangu". Ikifika saa kumi na moja anapita katikati ya meza akitabasamu, anasema, "Tumalizie tu hii kidogo." Kidogo! Mimi nilizaliwa nikisikia neno hilo. Tofauti ni kwamba saa ya Babu ilikuwa mkononi mwangu. Mama alinivalisha mwenyewe siku nilipopata kazi. Ijumaa nilivua aproni saa kumi na moja, nikatangaza saa kwa sauti, nikatoka. Meza yangu yote ilinifuata. Kijana alinikimbilia langoni, bado anatabasamu, akaniambia Jumatatu nisije.

Jana alikuja kwangu msichana wa meza ya pili. Anaitwa Nekesa, ana mtoto wa miezi minne anayeachwa kwa bibi yake. Nilitandika gunia uani, nikaleta spoki ile ile ya Mama, na gunzi jipya. Nilimwonyesha mishale. Nilimwambia ausugue mkono wake na maji ya moto kwanza mpaka uvimbe kidogo, ndipo tupime. Ni mwembamba kuliko Mama alivyokuwa. Kwake tumetoa pingili tano, na kopo nimempa aende nalo, kwa sababu ya atakayefuata. Jumatatu mimi sitakuwepo. Saa itakuwepo.