Mikono Aliyoiusia Shikha Haddum

Katika mtaa wa wafinyanzi, mjini Safi, mwanamke akifa watu hawaulizani ataoshwa na nani. Wanakwenda kugonga kwa Bi Ghita. Ana mikono miepesi na kinywa kizito. Alichokiona juu ya maiti hakitoki nje. Kwa miaka ishirini na mitatu heshima yake ilisimama juu ya hilo.

Siri ya kwake mwenyewe ilikuwa moja. Akiwa na miaka kumi na sita alikata vichwa vya sadini kiwandani, kule bandarini. Haddum, mkata samaki mwenzake, akapanda jukwaani siku ya sherehe, mbele ya wanaume, akaimba kwa jina lake bila kujifunika uso, akawa shikha, mwimbaji wa kike wa sherehe. Kiwandani hapo hakuna aliyewahi kuthubutu. Kesho yake Ghita alikitupa kisu katikati ya kazi, akamfuata. Miaka mitatu alimpigia dufu, akikaa kushoto kwake, arusi hadi arusi. Na watu wale wale waliowashangilia mpaka sauti zikawakauka, wakikutana nao sokoni walitema mate chini. Unafiki huo unanichefua mpaka leo.

Kisha Ghita akaolewa, kwa sharti kwamba dufu lisitajwe tena. Wakahamia kwa wafinyanzi. Mume alikufa, sharti likabaki.

Alhamisi moja alasiri Hajati Batul, mjane mwenye tanuri za vyungu, alikuwa aje kumposea mwanawe. Alikuwa bado hajaingia nyumba ile. Maneno yote yalipitia kwa mshenga. Binti wa Bi Ghita, Ibtisam, alikuwa na miaka thelathini na mbili, na posa mbili zilikwisha vunjika. Ya tatu ikivunjika, nani tena angebisha hodi?

Aliyebisha asubuhi hiyo alikuwa Bushuaib, mpiga fidla wa zamani wa Haddum, kanzu imemlegea mabegani.

"Ghita, Haddum ametutoka alfajiri."

Bi Ghita alishika mlango.

"Hana mtu," mzee akasema. "Waoshaji wawili wamekataa kuingia. Mmoja kaniambia maji yote ya bahari hayamtakasi. Mwenyewe aliniusia: 'Anioshe Ghita, mikono yake naijua.' Twende, mama, azikwe adhuhuri."

Ibtisam akatoka jikoni, vidole vimejaa unga wa lozi. "Mama, nani huyu anayekuita Ghita kavukavu, bila hata Bi?"

Bi Ghita alimtazama binti yake, akautazama ule unga.

"Umekosea nyumba, mzee wangu. Simjui huyo marehemu wako."

Bushuaib alifikicha macho. "Kweli, binti yangu. Macho yangu mabovu siku hizi. Unisamehe."

Akaondoka akipapasa ukuta.

"Akija mwingine," Bi Ghita alisema, "mwambie naumwa. Usifungue."

Na mwingine akaja kweli, sauti ya mwanamke mwenye haraka. Ibtisam akamjibu mlango ukiwa umefungwa. Bi Ghita aliendelea kuponda lozi. Kwa kila pigo la mchi alijua wakati huo maiti angekuwa anafanyiwa nini kule: udhu kwanza, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kafuri mwisho. Adhana ya adhuhuri ilipolia, mchi ukamponyoka. Alijichukia, na hakunyanyuka.

Hajati Batul alichelewa. Akaja peke yake, bila mwanawe, bila sinia la posa. Bi Ghita alipotaka kumbusu, mgeni alirudi nyuma.

"Usinisogelee, bado nanuka kafuri. Nimetoka kumwosha Shikha Haddum."

Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Sijapata kuosha maiti maishani, nimebahatisha tu. Bushuaib ananisomea utaratibu nje ya pazia, huku analia. Nimemgeuza vibaya, Ghita. Kichwa chake kimegonga ubao." Akameza mate. "Nilikuja kukuita. Binti yako akaniambia nyuma ya mlango kwamba unaumwa."

"Hajati... wewe ulimjulia wapi Haddum?"

"Mimi nilikuwa meza ya nyuma yako pale kiwandani, mwembamba, kilemba cha kijani. Hukuwahi kugeuka. Siku ulipokitupa kisu, nilikiokota mimi. Nilitaka kuwafuata, miguu ikanikatalia, na jambo hilo limenila miaka yote. Mshenga alinitajia wasichana sita. Nikamwambia nataka nyumba ya yule mpiga dufu, kwake watu hawaogopi."

Ibtisam alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Mama, si ulisema humjui?"

Bi Ghita alilichukua sinia, akammiminia mgeni chai.

Hajati Batul hakuigusa chai. "Sukari na hina za posa nimeziacha nyumbani," akasema. "Nilitaka kwanza nimwone mgonjwa."

Akamtazama Bi Ghita toka utosini hadi miguuni.

"Naona umepona," akasema, akainama kuvaa viatu vyake.