Duka Lililokuwa Karibu na Josho

Siku yangu ya kwanza kazini London nilivaa suti niliyokuja nayo kutoka Nanyuki, na baridi ikanicheka. Ndiyo miaka ile sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tukishuka hapa na masanduku yetu, kila mtu akiomba kazi yoyote. Kule nilikuwa mchoraji ramani. Hapa nikapewa ukarani wa chumba cha ramani. Mkuu wa Chumba, Mwingereza asiye na maneno mengi, alinionyesha kabati moja.

"Hizi za Kenya hakuna anayezitaka," akasema. "Zitunze wewe."

Nikavuta droo. Loo! Laikipia yetu yote imelala mle. Nikajifanya napiga chafya ili asione machozi.

Ninyi vijana mnaobonyeza simu ikawaambia pinda kulia, ngojeni niwaeleze. Ramani zile zilikuwa na mistari ya kontua, ile myembamba ya kahawia. Ikibanana, ujue ni mlima. Katika nchi ya ranchi ulitafuta maji kwanza, halafu boma la ng'ombe, halafu josho, lile shimo la dawa walimoogeshwa kuua kupe. Na pembeni, kwa herufi ndogo, neno "Duka". Hapo ndipo tulipokuwa sisi, tukiuza sukari na blanketi.

Watu wetu wa Wembley na Harrow, mitaa ya hapa London, waliposikia, wakaanza kuja kutafuta kwao. Tabu ni kwamba ramani iliandika jina la mwenye ranchi, na wao walijua lile alilopewa na wachungaji. "Nitafutie kwa Bwana Kiboko." Kiboko yupi, jamani? Kila mzungu mwenye hasira aliitwa hivyo! Nikaacha majina, nikawa nauliza ng'ombe walipita wapi.

Mama Shirin wa Harrow alikuja na mwanawe Anwar, aliyekuwa karibu kusafiri kwenda Kenya. Kifungua mimba wa mama huyu alifia dukani mvua ilipokata njia ya mjini, wakamzika nyuma ya nyumba. Tangu wahame, hakuna aliyerudi kumwombea. Alitaka Anwar afike.

"Ranchi ya nani, dada?" nikajisahau.

"Ya Bwana Kiboko."

"Haya, tumwache huyo. Ng'ombe wakienda josho walipita mbele ya duka?"

"Wakipita asubuhi, jua mgongoni mwao. Vumbi lote kwenye unga wangu, we acha tu!"

"Wakavuka mto?"

"Hapana, kaka. Mto ulikuwa nyuma yetu. Tukisikia vyura."

Jua la asubuhi mgongoni, basi josho liko magharibi. Nikafunua karatasi moja baada ya nyingine. Mkuu wa Chumba akaja kutuambia anafunga, akamtazama yule mama, akavuta kiti naye akaanza kutafuta. Hatimaye tukalipata: duka, josho upande wa magharibi, mto nyuma.

"Ndipo hapo," akasema Mama Shirin. Kisha akauliza, "Na sasa pana nini?"

Nililiogopa swali hilo. Kwenye karatasi mpya, ile iliyochorwa baadaye, ranchi ilikuwa imekatwa mashamba madogo. Duka halipo, josho halipo. Mahali pake pana shule ya msingi. Nikamwambia polepole, nikijua atalia.

"Shule?" Akamshika Anwar mkono. "Basi mwanangu yule ana wenzake wa kucheza nao."

Sasa nimestaafu, na magoti hayanitaki tena. Siku ya kuaga nilitoa karatasi ya kwetu, ambayo miaka yote sikuthubutu kuigusa. Kwenye ile ya zamani duka la baba lipo. Kwenye mpya ni peupe, hata njia haipiti. Nilitafuta shule, kisima, hata kibanda cha mchungaji. Nyumbani napakumbuka hadi kifua kinauma, wajukuu zangu. Sikutaka turudishiwe duka. Nilitaka tu pawe na mtu.