Mvua, Mbegu na Maikrowevu

Mama Waya alikuwa fundi wa kompyuta chuoni, mwanamke mfupi, mpole, asiyependa kubishana na mtu mwenye shahada tatu. Alitunza kompyuta thelathini na mbili katika chumba cha baridi kali, zote zikigawana hesabu kubwa za wataalamu. Nyaya zilizoziunganisha zilikuwa zimechoka, na mpya zilitakiwa.

Kikao kiliitwa saa tatu asubuhi. Saa sita watu bado wanavutana. Mtaalamu wa mvua alidai mtandao wa kasi, ule ghali, kwa sababu kompyuta zake huulizana maswali kila sekunde. Mtaalamu wa mbegu akasema huko ni kujionyesha tu. Kwenye hesabu zake kila kompyuta hujifungia na kazi yake, haina hata salamu kwa jirani. Mkuu wa idara, aliyewahi kujikwaa kwenye waya mbele ya wageni, alitaka waifai, nyaya zote zing'olewe.

Mama Waya aliomba wiki mbili na vifaa vya kuazima.

Alianza na waifai, kwa heshima ya mkuu. Hesabu ya mvua ilijikokota mpaka saa saba mchana, ikakwama. Kesho yake, saa ileile, ikakwama tena. Alipanda ngazi, akashuka, akakagua kila kona, mwisho akaingia jiko dogo la jirani na kumkuta mkuu akipasha chakula kwenye maikrowevu. Ikizimwa, hesabu inaendelea. Ikiwashwa, inagoma.

"Mzee," alimwambia taratibu, "itabidi uchague, mvua au chakula chako."

Mkuu alitazama bakuli lake, akatafuna kidogo, akasema nyaya zibaki.

Mtandao wa kawaida ulimaliza hesabu ya mvua kwa saa tisa. Ule wa kasi, kwa saa mbili. Hesabu za mbegu zilichukua saa nne kotekote. Wataalamu wote wawili walitamba siku nzima kwenye korido moja, kila mmoja akiamini kamshinda mwenzake.

Basi Mama Waya akagawa: kompyuta kumi na sita zikapata mtandao wa kasi, zilizobaki ule wa kawaida. Hakuna aliyenuna.

Nyumbani alimsimulia mumewe yote, nusu saa nzima, mpaka chai ikapoa. Mume aliitikia kwa kichwa, akafikiri.

"Sasa mke wangu, na mitandao yote hiyo, mbona mchana kutwa ulikuwa hupatikani kwenye simu?"