Bosi Mwenyewe

Karani wa zahanati yetu ndiye pekee mwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti, nasi wauguzi tunavuta mtandao kwake kwa Bluetooth. Hutuunganisha mmoja mmoja: husoma jina la simu kwa sauti ya chini, hukutazama usoni, ndipo abonyeze. Kucha zake amezitafuna hadi nyamani. "Haifiki mbali," hutuambia. "Mwisho hatua kumi hivi."

Jumanne nilimpelekea simu yangu mpya. Alifungua orodha ya simu zilizo karibu, kidole kikabaki hewani. Chini ya jina langu palikuwa na jingine: Bosi Mwenyewe. "Nani huyo?" nikauliza. "Baba wa wanangu," akasema, midomo imemkauka. Alimkimbia mume huyo miaka miwili iliyopita, na hata mama yake mzazi haambiwi anakoishi. "Dada, usichungulie nje." Akazima Bluetooth, akavua beji, akatoka kwa mlango wa stoo, viatu mkononi. Nikakaa kwenye kiti chake. Haukupita muda, mwanamume mmoja mpole akainama dirishani. "Samahani dada, karani anayekaa hapa amekwenda wapi?" "Hapa nakaa mimi, kaka," nikamjibu. Akatabasamu, akakitazama kikombe cha chai alichokiacha mwenzangu, bado kinafuka moshi. Nikakivuta karibu, nikanywa polepole, kana kwamba ni changu.