Mpira wa Padri Ulioingia Ithembo

Mimi nikiona mtu mzima anakimbia bila suruali, sicheki. Nyinyi chekeni tu, mimi hapana, maana hiyo njia nimepita, na waliosimama kunitazama walikuwa akina mama wazee wa huku Ikutha, na wa mbele yao alikuwa nyanya ya msichana niliyetaka kuoa, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo mbuzi zangu zilikuwa zinapelekwa kwao. Aibu hiyo nimeibeba tangu miaka ya sabini na leo nimechoka nayo, lakini ndani yake kuna kitu kingine ambacho si cha kuchekesha, na hicho mtaniambia nyinyi wenyewe ni nini.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo pale misheni. (Sisi kwetu ni watu wa kanisa lingine, la kuokoka, lakini kazi ni kazi.) Mkubwa wetu alikuwa Padri Oweni, mzee mrefu mwekundu kutoka Ireland, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja, gofu. Huko kwao, alituambia, hata mwenye bucha anacheza gofu, hata mvua ikinyesha, na inanyesha kila siku. Sasa huku kwetu nyasi atoe wapi? Akatengeneza kiwanja chake cha mashimo sita nyuma ya misheni, mchanga mtupu, na pale penye shimo anamwaga oili chafu ya landrova ili mchanga ushikane na mpira uteleze vizuri. Ng'ombe walikuwa wanapita katikati na yeye anangoja wapite, hana haraka.

Kando ya shimo la nne kulikuwa na ithembo. (Kama wewe si Mkamba, ni mahali miti mikubwa imeachwa tangu zamani, hapakatwi kuni, hapalishwi mbuzi, na mvua ikikataa ndipo akina mama wazee wanaenda kuomba.) Padri alipaheshimu kuliko mimi. Mpira wake ukiingia mle anavua kofia, anasema "basi", anatoa mwingine mfukoni. Siku moja nikamwuliza, Fatha, si uingie tu uuchukue, ni hatua ishirini hivi.

"Mutunga," akasema, "kwenye kiwanja cha kwetu kuna mti wa miiba, mmoja, katikati kabisa. Hakuna anayeukata, hata waliotengeneza kiwanja waliuzunguka. Mpira ukiingia chini yake ni wa wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

Akatazama huku na huku, padri mzima, akasema pole pole, "Hatuwataji."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzungu, tena padri, na anaogopa kichaka!

Basi mwaka huo akaenda likizo kwao. Vitu vyake vya gofu akanikabidhi mimi, fimbo na nguo na mkebe wa mipira, na mpira mmoja akaufunga peke yake kwa kitambaa, huo ulitoka kwenye kilabu ya kwao na umechorwa jani la kijani, alipewa na marehemu baba yake. "Huu usiguswe," akasema. Nikajibu ndiyo Fatha, na wakati huo nilikuwa namaanisha.

Sasa ikafika ile Jumamosi. Jioni mjomba wangu angepeleka mbuzi za ntheo kwa kina Mwende, na hizo mbuzi ndizo posa yenyewe, zikilala kwao umekubaliwa, zikirudishwa asubuhi umekataliwa na huna wa kumwuliza. Mwende mwenyewe tulikuwa tumeelewana. Lakini neno la mwisho pale kwao lilikuwa la Susu Kalekye, nyanya yake, na huyo Susu ndiye alikuwa anaongoza akina mama wa ithembo. Roho ilikuwa juu. Chakula hakipiti, kazi hakuna, saa haziendi. Nikasema na roho yangu, wacha nipige mpira kidogo nipoteze wakati. Uamuzi mdogo tu, si ndiyo? Nikafungua kabati, nikavaa kepi ya Padri, nikavaa glavu yake nyeupe ya mkono mmoja, nikavaa na ile suruali yake ya gofu ya mirabaraba (pana, ningeingia mara mbili, nikaikaza na kamba ya katani), na nilipofika kwenye mipira mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Nitaupiga mara moja tu, nikasema, nani atajua.

Pigo la kwanza nilipiga kichwa cha mpira, ukajikokota kama kobe, na makali ya fimbo yakaukata jeraha, refu kama kucha. Hapo ningeacha. Lakini mtu akishaharibu anataka kurekebisha, nikapiga tena, na hilo la pili, jamani, ulipaa! Ulipaa juu mweupe mpaka nikasahau kupumua, halafu huko juu ukapinda, na upepo hakukuwa, ukapinda taratibu mpaka ukaingia ithembo. Nilingoja kuusikia ukigonga tawi. Sikusikia kitu.

Ilikuwa saa sita kamili, jua la Oktoba, hata nyenje walikuwa wamenyamaza. Nikaingia.

Kitu cha kwanza kilikuwa baridi. Nje jua linachoma, na mle ndani baridi ya kuvaa sweta, na harufu ya majani mabichi yaliyonyeshewa, na mvua hatukuwa tumeona tangu Mei. Nikaenda mpaka kwenye mkuyu mkubwa, na pale kwenye mizizi nikaona mipira ya Padri, yote, ya miaka yote, imepangwa duara kuuzunguka mti, misafi, hakuna hata mmoja wenye vumbi. Wangu haukuwepo hapo. Wangu ulikuwa mbele kidogo, jani la kijani limetazama juu, na ulikuwa unabingirika. Pole pole, mahali tambarare, unaelekea gizani. Nikainama nikaugusa, ulikuwa umelowa maji.

Hapo ndipo nikasikia, mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, "Foo!"

Hilo ndilo neno wanalopaza watu wa gofu kuonya mtu kwamba mpira unakuja, na sauti ilikuwa ya Padri Oweni. Na Padri Oweni alikuwa Ireland.

Nikalia "Mwaitu!" kwa nguvu zangu zote (ndiyo kumwita mama kwetu, na mama yangu alikuwa Kasikeu, angenisikiaje?), nikageuka nikakimbia, mwiba ukashika suruali, kamba ya katani ikakatika, sikurudi kuulizia. Nikatokea upande wa pili kwenye mwangaza, kepi kichwani, glavu mkononi, miguu yote nje, na mbele yangu akina mama wamekuja kuomba mvua. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Susu Kalekye alinitazama kutoka juu mpaka chini, halafu akarudi juu.

"Mutunga," akasema. "Umeingia."

Nilitaka kueleza, na kilichotoka mdomoni ni hiki, "Nilikuwa natafuta mpira." Nyuma mmoja akaguna, mwingine akacheka, wakacheka wote mpaka wakashikana mabega. Susu hakucheka.

"Umeona nini?"

"Mipira, Susu. Ile mliyoipanga."

Kicheko kikaisha. Akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Sisi tunaishia kwenye jiwe hapa nje. Huko ndani hatuingii. Hakuna mtu amepanga kitu."

Jioni mjomba alipeleka mbuzi, hakuwa amesikia, na mimi sikuwa na mdomo wa kumwambia. Sikulala. Alfajiri nikasikia mbuzi wanalia langoni, nikajua. Walikuwa wote, na mmoja amefungiwa mgongoni ile suruali ya mirabaraba. Mwende alinitumia habari baadaye kwamba waliikuta juu ya lile jiwe la nje, imekunjwa pembe kwa pembe, na yeye mwenyewe alikuwa bado ananitaka lakini nyanya yake amesema hakuna mjukuu wake ataingia nyumba ya mtu aliyefungua mlango usio wake. Nilijificha stoo nyuma ya magunia nikalia. Siyo machozi ya aibu, aibu ningeizoea. Nilikuwa nampenda yule msichana.

Padri alirudi kabla ya Krismasi. Nilipiga magoti nikaungama yote, kepi, glavu, jeraha la mpira, na kabla sijafika kwenye ile sauti akaingiza mkono mfukoni akaniwekea kitu kiganjani. Jani la kijani. Nikaugeuza, na jeraha langu likawa hapo, refu kama kucha.

"Ilikuwa Jumamosi," akasema, "saa nne asubuhi kwetu, ndiyo saa sita kwenu. Mpira wangu ulipinda ukaelekea ule mti wa miiba, nikapaza 'Foo!', labda kuna mtu chini yake. Na kulikuwa na mtu, Mutunga, alilia. Halafu huu ukatoka wenyewe ukasimama kwenye kiatu changu."

"Alilia nini, Fatha?"

"'Mwaitu.' Miaka kumi nazika Wakamba, hilo neno nalijua." Akanifunga vidole juu ya mpira. "Peleka kwa mwenyewe."

Wenyewe wa ithembo msemaji wao ni Susu, basi nilienda kwake mchana, watu wote wa boma wakiwa uani, nikausimulia mkasa wote bila kuruka hata suruali. Akaupokea mpira, akaunusa muda mrefu.

"Mvua," akasema. Kisha, "Kwa hivyo hata huko wako."

"Padri anasema wako, Susu."

Akaufunga mpira kwenye pindo la leso yake. "Mwambie mjomba wako alete mbuzi," akasema. "Na wewe siku hiyo uvae suruali yako, siyo ya mtu."

Mbuzi walilala. Mwende ndiye huyo hapo anajifanya hanisikilizi. Lakini kabla ya mbuzi kuja, Susu alitupeleka mpaka kwenye jiwe la nje, akaurusha ule mpira ndani kwa mkono wake, na sisi wote tukatega masikio tuusikie ukianguka. Tulingoja mpaka jua likashuka. Kwa hivyo wajukuu wangu wakija kuniambia mpira wao umeingia kichakani, hata kama ni kichaka cha nyuma ya choo, siulizi ni kipi. Nawaambia wauache hukohuko, nitanunua mwingine.