Aliyekunywa Damu ya Mayige

Miaka sita Kabula aliitwa mchawi. Mayige, mtoto wa shemeji yake, alipauka, akavimba miguu, akawa anakula udongo mpaka akafa. Mama mkwe wake, Domitila, akasema damu ya mtoto imenywewa na mkamwana. Kabula akafukuzwa kijijini Lagangabilili na kanga moja mwilini. Mumewe alikuwepo, akajitia kuangalia ng'ombe.

Sasa anafanya usafi kwenye maabara ya hospitali moja mjini Bariadi. Hajui kusoma, ila vikopo vya choo anavijua. Mwezi huo kila mgonjwa alipimwa choo, hata kama tumbo halimsumbui.

"Vikopo kumi na viwili, saba vina minyoo," alisema Januarius, mpimaji. "Hadi yule aliyevunjika mguu!"

Dirishani akasimama Domitila, viganja vyeupe, akihema. Kumwona Kabula tu, akaficha kikopo ndani ya kanga.

"Huyu hakigusi. Atakipeleka kwa nani?"

"Kwa fisi wangu wa kichawi, mayu? Nilishamuuza," Kabula akamjibu mama mkwe wake.

Foleni ikacheka. Domitila hakucheka. Januarius akakipokea mwenyewe, akapima, kisha akamwita Kabula kwenye hadubini. Siku zote aliifuta tu. Leo akafumba jicho moja, akachungulia.

Vijiyai vyepesi kama kioo, vimetawanyika, kila kimoja na madoa ndani.

"Mayai ya safura," Januarius akasema. "Minyoo yake huingilia kwenye nyayo, huko shambani, kisha hung'ata utumbo na kunywa damu. Mtu anapauka, anavimba miguu. Wengine hula udongo."

Kabula akamkumbuka Mayige. Kitu kisichoonekana kwa macho ndicho kilichomvunjia nyumba!

"Mwite aone," akasema.

Domitila akachungulia muda mrefu.

"Na Mayige?"

"Huyo simjui, bibi. Dawa yako ipo, utapona. Kesho lete choo cha wajukuu."

Domitila akageukia foleni, akapaza sauti wote wasikie.

"Kesho nakileta. Nitampa ng'wana Maduhu mkononi."

Miaka sita Kabula hakuwa ameitwa binti wa Maduhu, kwa jina la baba yake. Aliinama tena kwenye hadubini, akaviangalia vile vijiyai.